Sigaa Ishirini na Tano

Daktari Ramiro alipomaliza miaka yake miwili
hospitali ya Wete, wodi ya wanaume,
akarejea kwao Kuba,
alimwachia baba kasha la mwerezi
na karatasi ya dawa, kwa Kiswahili cha kuokoteza:
"Ngwali, hizi bado mbichi.
Usiwashe. Tumbaku ina hasira. Iache ilale."

Ilale hadi lini, hakuandika.
Pale pa siku ngapi, mara ngapi kwa kutwa,
alipiga mstari tu,
kama daktari aliyeitwa na mgonjwa mwingine.

Baba alisukuma vitanda miaka ishirini na sita
na hakuwahi kuvuta hata sigara ya kuombwa.
Alilipokea kasha kama aliyepakatishwa mtoto wa watu.
Akalipandisha juu ya kabati, mbali na magunia ya karafuu,
maana karafuu, alisema, ni jirani mdaku,
ukimfungulia ukumbini utamkuta jikoni.

Masika alizifuta ukungu, moja moja,
kwa kitambaa cha kanzu kuukuu.
Kaskazi ikipasua watu midomo
alizitilia kisahani cha pamba iliyoroweshwa,
pamba ya hospitali, Mungu amsamehe.

Mimi nilishika kurunzi.
Kila Sikukuu Ndogo, wageni wakishakwenda zao,
tulifunua kasha tukahesabu.

Watu hawakukosa majibu.
Shaame, aliyepika melini:
"Mwaka watosha. Ukizidi huo ni ubahili."
Mwalimu Khalef wa jiografia:
"Mitano. Kumi, kwa mwenye subira."
Fundi wa viatu pale sokoni
hakuinua hata uso: "Uza."
Baba akawasikiliza wote, akasema, "Hazijawa."
Utajuaje, baba, nawe huvuti?
"Nitajua."

Sikukuu ya kwanza, ishirini na nne.
Tumekosea, alisema, shika kurunzi vizuri.
Ya pili, ishirini na tatu.
Akatafuta vidudu, akazigeuza kwenye mwanga
kama anayekagua meno ya mbuzi.
Hakuna tundu. Hakuna unga.
Ya saba, kumi na nane,
akakaa kitako sakafuni, kasha mapajani,
akasema vidudu vya nchi hii vina adabu ya ajabu,
vinakula kizima na havibakishi hata chenga.

Mama alikuwa mkekani, kijaluba wazi mbele yake,
anapaka chokaa kwenye jani la tambuu.
Hakusita.
"Vidudu gani, Ngwali? Ni mimi.
Moja kila mwaka. Naikata kwa mkasi, naichanganya na popoo.

Ya kwanza ilinichoma ulimi, nikalala mchana kutwa
nikakwambia ni homa.
Ya pili ilinuka mkojo wa paka.
Ya tatu haikusema kitu. Imenuna tu, kama mke mwenza.
Ya nne ikaanza kujibu salamu.
Ya tano..."
Hapo akalikunja jani, akalishika bila kulitia kinywani.
"Ya tano niliitafuna taratibu,
nikakumbuka ukuta wa jikoni kwa mama, Kojani,
ule wenye masizi. Sijui kwa nini ukuta.
Ya sita vivyo hivyo.
Ya mwaka huu inaondoka. Imebaki harufu ya sanduku."

Nilizima kurunzi. Nilidhani patawaka pengine.
Baba akaitoa ile karatasi ya dawa,
imekatika mikunjoni,
akaomba kalamu yangu ya shule,
na juu ya mstari wa Daktari Ramiro akaandika: mitano.
Akautazama mwandiko wake.
"Mbona mwaka wa tano hukuniambia?"

"Ulikuwa ukipenda kuhesabu,"
alisema mama, akalitia jani shavuni.

Sikukuu iliyofuata nilishika kurunzi kama ada.
Baba alihesabu haraka mno, akataka kufunika.
Nikamwomba arudie.

Kumi na sita.
Na pembeni mwa mdomo wake, nyekundu, mbichi,
doa la tambuu.